Kazi ya pembeni Tanga: kutoka TIN hadi leseni, na kodi yako inavyopigwa hesabu

"Kaka, TIN wanauza shilingi ngapi?" Mwezi huu pekee nimeulizwa hivyo mara nne. Wa mwisho alikuwa dada mmoja wa Mikanjuni anayeoka keki za harusi akitoka kazini. Alikuwa ameshampa kishoka shilingi 40,000 nje ya stashonari, akaambiwa namba yake itakuwa tayari baada ya siku tatu. TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, haiuzwi. Hailipiwi hata senti, na dada yule angeweza kuiomba kwa simu yake akiwa amekaa barazani kwao, keki ikiwa bado kwenye oveni.

Inaniuma kuona watu wetu wanaliwa fedha kwa kitu ambacho ni haki yao, ndiyo maana nimeyaandika yote mahali pamoja. Mimi nina ajira ya mchana hapa mjini, na jioni nachora nembo, mabango na kadi za mialiko. Njia hii nimeipita mwenyewe, na pale nilipojikwaa nitakuonyesha.

Mwongozo huu ni wako kama unafanya kazi kwa oda: unachora, unapiga picha, unatafsiri, unatengeneza tovuti, unashona, unaoka, unafundisha tuisheni. Una mshahara mahali au huna, soma. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Viwango vya kodi hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo Bunge huipitisha mwezi Juni na ikaanza kutumika Julai 1. Kwa hiyo kila Julai fungua jedwali jipya la TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla hujapiga hesabu zako.

## Andaa hivi kwanza

- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20. Kadi ikiwa haijatoka, namba inatosha kuanzia.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na iliyo mkononi mwako. Mifumo ya serikali hutuma namba za siri kwa ujumbe mfupi. Ukitumia laini ya mdogo wako aliyeko Dar, utakuwa unampigia kila dakika tano.
- Barua pepe unayoweza kuifungua leo hii, siyo ile uliyofunguliwa na mtu wa kijiweni mwaka juzi ukasahau nywila.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakofanyia kazi. Kama unaishi Makorora lakini meza yako ya kazi iko Ngamiani Kati, barua itoke Ngamiani Kati.
- Mkataba wa pango, kama umepanga chumba au umekodi kona kwenye ofisi ya mtu. Kama unafanyia nyumbani, barua ya mtaa iseme hivyo.
- Daftari. Nitalieleza sasa hivi, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko karatasi nyingine zote.

Jambo moja kwa wenye ajira: usome mkataba wako wa kazi kabla ya kujisajili. Mikataba mingine inakutaka umjulishe mwajiri kwa maandishi, na mingine inakukataza kufanya kazi inayoshindana na ya kwake. Ukiwa mtumishi wa umma, usiiuzie ofisi unayofanyia kazi huduma yako ya pembeni. Huo ni mgongano wa maslahi, na leseni haikulindi hapo.

## Hatua ya 1: Fungua daftari leo, kabla ya kwenda ofisi yoyote

Kila senti inayoingia na kila senti inayotoka kwa ajili ya kazi, iandikwe siku hiyohiyo. Safu sita zinatosha: tarehe, nani, kazi gani, kilichoingia, kilichotoka, namba ya risiti au ya muamala. Mfano wa ukurasa wangu mmoja: "Machi 4, kadi 150 za harusi, Chumbageni, imeingia 225,000, kwa simu. Machi 5, karatasi na uchapishaji, imetoka 90,000, risiti ipo."

Kama unapokea malipo kwa simu, tenga laini moja iwe ya kazi tu. Ukichanganya fedha za oda na hela aliyokutumia shangazi kutoka Muheza ya kununulia dawa, ukifika mwisho wa mwaka hutaweza kuzitofautisha, na mtu akiiangalia taarifa ya laini yako ataona yote ni mauzo.

Risiti za matumizi zihifadhi kwenye bahasha, bahasha moja kwa kila mwezi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, unaponunua, kwa kuwa ile ya kuandikwa kwa mkono kwenye kikaratasi itakataliwa unapotaka kupunguza gharama. Wino wa risiti za mashine hufutika kwa joto, na joto la Tanga unalijua. Piga picha kila risiti siku uliyoipata. Kumbukumbu zote sheria inataka uzitunze kwa miaka 5.

## Hatua ya 2: Amua unafanya biashara kwa jina gani

Una njia tatu.

Ya kwanza ni kutumia majina yako halisi, yale yaliyopo kwenye kitambulisho. Hapo huhitaji kusajili jina la biashara.

Ya pili ni jina la biashara, mfano "Raskazone Picha" au "Mwambao Michoro". Ukitumia jina lisilo lako, lazima ulisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Lielewe vizuri lakini: jina la biashara halikutenganishi na biashara yako. Deni la biashara ni deni lako.

Ya tatu ni kampuni. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, ina TIN yake, inalipa kodi ya asilimia 30 ya faida, na hesabu zake zinahitaji mhasibu aliyesajiliwa. Vijana wengi wanakimbilia kufungua kampuni kwa sababu inasikika vizuri kwenye kadi, kisha mwaka unapita hawajawasilisha ritani (taarifa ya mapato na kodi) hata moja na adhabu zinajilimbikiza. Kwa kazi ya pembeni inayoingiza laki mbili tatu kwa mwezi, ushauri wangu ni mmoja: anza kwa jina lako au jina la biashara. Kampuni utaifungua siku mteja mkubwa atakapoidai au utakapokuwa na mbia.

## Hatua ya 3: TIN

Kila mtu ana TIN moja tu maishani, ya tarakimu 9. Hapa ndipo kosa la kawaida kabisa hutokea. Mtu aliwahi kuchukua TIN kwa ajili ya leseni ya udereva, au ajira yake ilimtaka awe nayo, halafu anaomba nyingine "ya biashara". Usifanye hivyo. Tafuta ile ya zamani kwanza.

1. Ingia kwenye tovuti ya TRA, sehemu ya huduma za mlipakodi. Weka namba ya NIDA, ujibu maswali ya uhakiki.
2. Kama huna TIN, jaza maombi mapya. Kama unayo, nenda ofisi ya TRA ya mkoa ukaombe iongezwe taarifa za biashara.
3. Penye aina ya biashara, andika kazi unayoifanya kweli. Mtu wa picha aandike upigaji picha. Nimeona watu wameandika "biashara ya jumla" ili waonekane wakubwa, halafu wakakadiriwa kama wenye duka.
4. Weka mtaa na namba ya nyumba au kiwanja. Kwetu wenye barabara za namba, andika barabara yako pamoja na jina la mtaa, maana barabara moja hupita mitaa tofauti.
5. Hifadhi cheti kwenye barua pepe na uchapishe nakala mbili.

## Hatua ya 4: Jina la biashara BRELA

Ruka hatua hii kama umeamua kutumia majina yako.

Usajili unafanyika kwa mtandao kwenye mfumo wa BRELA uitwao ORS. Huna haja ya kupanda basi kwenda Dar. Fungua akaunti kwa namba ya NIDA, tafuta kama jina unalolitaka liko wazi, jaza fomu, chapisha tamko, litie sahihi, lipakie, kisha lipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontrolo namba. Ada ya kusajili ni 15,000 na ya utunzaji ni 5,000, jumla 20,000. Hiyo 5,000 ni ya kila mwaka. Wengi wakishapata cheti wanaisahau.

Andaa majina matatu. La kwanza mara nyingi unakuta mtu keshalichukua au linafanana mno na la mwingine. Na usichapishe fulana wala bango kabla cheti hakijatoka.

Ukibadilisha anwani au aina ya biashara, una siku 28 za kutoa taarifa.

## Hatua ya 5: Makadirio, na hapa ndipo fedha zilipo

Ukishakuwa na TIN ya biashara, unakaa na ofisa wa kodi TRA mnakadiria mapato yako ya mwaka. Mkikubaliana ndipo unapata hati ya uthibitisho wa kodi, ambayo halmashauri itaidai kwenye leseni. Nenda na daftari. Ofisa asipoona maandishi atakadiria kwa kuangalia mahali ulipo na kazi unayoifanya, na makadirio ya macho mara nyingi huwa makubwa. Nilikwenda na kurasa za miezi mitatu. Mazungumzo yakachukua robo saa, na kila namba iliyoandikwa pale ilitoka kwenye daftari langu.

Kuna njia mbili za kukadiriwa, na kuijua yako ni muhimu kuliko lolote lingine humu.

Njia ya mauzo ghafi. Hii ni ya mtu binafsi mkazi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 na ambaye kipato chake ni cha biashara peke yake. Kodi inatozwa kwenye mauzo bila kutoa gharama:

- Mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka: hakuna kodi.
- Zaidi ya 4,000,000 hadi 7,000,000: 100,000 kama huna kumbukumbu. Ukiwa nazo, asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000.
- Zaidi ya 7,000,000 hadi 11,000,000: 250,000 kama huna kumbukumbu. Ukiwa nazo, 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi 7,000,000. Mauzo yakizidi hapo, tazama jedwali la TRA.

Chukua fundi cherehani wa Ngamiani aliyeuza 6,200,000 kwa mwaka. Bila daftari analipa 100,000. Akiwa na daftari analipa asilimia 3 ya 2,200,000, yaani 66,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea 34,000.

Ila kuna walioachwa nje ya njia hii hata kama mauzo yao ni madogo: wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi, za ujenzi na za mafunzo. Mshauri, mhasibu wa kujitegemea, mwenye kuendesha mafunzo kwa malipo, hao wanakwenda njia ya pili. Kama kazi yako iko mpakani, mweleze ofisa unachokifanya kwa maneno yako yote na uombe akuandikie umewekwa kundi gani.

Njia ya faida. Hapa unachukua mapato, unatoa gharama za kazi zenye risiti, na kinachobaki kinatozwa kwa viwango vya mtu binafsi kwa mwaka:

- Hadi 3,240,000: hakuna kodi.
- Kutoka hapo hadi 6,240,000: asilimia 8 ya kinachozidi 3,240,000.
- Kutoka hapo hadi 9,120,000: 240,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 6,240,000.
- Kutoka hapo hadi 12,000,000: 816,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 9,120,000.
- Zaidi ya 12,000,000: 1,536,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi.

Mwenye mshahara, nisikilize vizuri, maana njia yako ni hii ya faida. Kipato chako cha pembeni hakianzi kuhesabiwa kutoka sifuri. Kinakaa juu ya mshahara wako. Ule ukanda wa 3,240,000 usiotozwa kodi mshahara umekwisha kuutumia.

Tupige hesabu pamoja. Mshahara wako baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii ni 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Mwajiri anakukata kodi 36,000 kila mwezi, jumla 432,000. Pembeni umeingiza 3,000,000 kwa mwaka mzima. Gharama zako ni bando, umeme na uchapishaji, 150,000. Tena ulinunua kompyuta ya kazi kwa 1,200,000. Kompyuta haitolewi yote kwa mara moja: inapunguzwa kwa uchakavu wa asilimia 37.5, hivyo mwaka wa kwanza unatoa 450,000. Faida inabaki 2,400,000.

Jumlisha na mshahara: 9,600,000. Kodi yake ni 816,000 pamoja na asilimia 25 ya 480,000, ambayo ni 120,000. Jumla 936,000. Toa 432,000 ambazo mwajiri ameshazilipa. Unadaiwa 504,000, ndiyo kodi ya kazi ya pembeni.

Najua namba hiyo inashtua. Ilinishtua mimi. Ndiyo sababu nakuambia utenge kidogo kila mwezi, kwa mfano huu 42,000, kwenye kibubu au akaunti usiyoigusa. Na subiri, kwenye hatua ya 7 kuna fedha nyingine ya kupunguza hapo.

Onyo kuhusu pango. Ukiwa mpangaji unayefanyia biashara kwenye chumba, TRA itauliza mkataba. Mkataba una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Na wewe mpangaji ndiwe unayetakiwa kumkata mwenye nyumba asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Waulize walioko Barabara ya 8 au ya 12: wengi wamelipa ile asilimia 10 kutoka mfukoni kwa sababu walishampa mwenye nyumba fedha zote kabla ya kujua. Zungumza naye kabla ya kusaini, kwa heshima, na mwandike kwenye mkataba nani anabeba nini.

## Hatua ya 6: Leseni ya biashara

Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, za kundi B na halmashauri. Kazi nyingi ndogo ninazozizungumzia ni kundi B, kwa hiyo kwetu ni Halmashauri ya Jiji la Tanga. Maombi yanapitia mfumo wa TAUSI kwa mtandao. Unahitaji TIN, NIDA, hati ya uthibitisho wa kodi, cheti cha BRELA kama unacho, na mahali pa biashara. Ada inategemea aina ya biashara na mahali ilipo, utaiona mfumo ukikutolea namba ya malipo.

Leseni inadumu miezi 12 kuanzia siku ilipotolewa. Ukiipata Septemba, inaisha Septemba. Weka kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla.

Wapo wanaohitaji kibali cha ziada. Anayerusha maudhui yake mwenyewe mtandaoni kama biashara aulizie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na msanii aulizie BASATA, baraza la sanaa. Mwoka keki atakutana na watu wa afya.

## Hatua ya 7: Ankara, risiti, na ile asilimia 5

Ankara yako iwe na jina, TIN, tarehe, namba ya ankara, kazi, na kiasi. Zipe namba kwa mfululizo usiokatika.

Mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka unatakiwa kutoa risiti za EFD. Kwa sisi wa kazi za oda, mfumo wa risiti unaofanya kazi kwenye simu au kompyuta unafaa kuliko kununua mashine. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakuhusu ukifikisha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, isipokuwa wanataaluma kama mawakili, wahasibu na wahandisi ambao hutakiwa kujisajili bila kujali kiasi.

Sasa ile fedha niliyokuahidi. Mwaka wangu wa kwanza nilimfanyia kampuni moja kazi ya 800,000. Ikaingia 760,000. Nilikasirika, nikapiga simu nikiamini nimedhulumiwa. Mhasibu wao akaniambia, "Hiyo ni zuio, bwana," akakata simu. Sikujua kitu kinachoitwa kodi ya zuio, na sikujua kwamba nilipaswa kudai hati yake. Mwisho wa mwaka nikailipia kodi kazi ileile kwa ukamilifu. 40,000 yangu ikawa imepotea.

Kampuni au taasisi inapokulipa kwa huduma, inakata asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Hiyo ni kodi yako iliyotangulizwa. Mteja anawajibika kukupa hati ya kodi ya zuio, na hati hiyo inapunguza kodi yako ya mwaka. Kwenye mfano wetu, kama zile 3,000,000 zote zilitoka kwa kampuni, 150,000 zimeshakatwa. Kwa hiyo deni linashuka kutoka 504,000 hadi 354,000.

Fanya hivi kila mara: chini ya ankara andika "Tafadhali ambatisha hati ya kodi ya zuio." Usipoipata wiki inayofuata malipo, kumbusha. Mtu binafsi anayekulipa picha za harusi ya binti yake hakati kitu, yeye hahusiki.

Na fedha kutoka nje ya nchi? Nazo ni kipato chako. Mkazi wa Tanzania anatozwa kwa mapato yake ya ndani na ya nje. Andika kiasi cha fedha ya kigeni, tarehe, na kiasi kilichoingia kwa shilingi.

## Hatua ya 8: Tarehe za kubandika ukutani

Mwaka wa kodi kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba.

- Machi 31: kuwasilisha makadirio na kulipa awamu ya kwanza.
- Juni 30: awamu ya pili. Siku hiyohiyo ni mwisho wa ritani ya mwaka uliopita kwa walio njia ya faida.
- Septemba 30: awamu ya tatu.
- Desemba 31: awamu ya nne.

Kwa mfano wetu kila awamu ni 88,500. Lipa wiki moja kabla. Siku ya mwisho mtandao unazidiwa, na kukwama kwa mtandao hakukuondolei riba.

## Ukikwama

Majina ya NIDA na cheti cha kuzaliwa hayafanani. Mwanaidi na Mwanahidi ni watu wawili kwenye mfumo. Rekebisha NIDA kwanza, kwa sababu mifumo mingine yote inasoma kutoka huko. Hati ya kiapo ya wakili husaidia.

Mfumo unasema tayari una TIN na huikumbuki. Angalia kwenye leseni ya udereva au kadi ya gari au pikipiki. Kama hupati, ofisi ya TRA wanaitafuta kwa namba ya NIDA.

Umelipa lakini mfumo unaonyesha hujalipa. Usilipe tena. Tunza ujumbe wa muamala, hakikisha kontrolo namba uliyoingiza ni ileile, kisha nenda nao ofisi iliyotoa namba.

Makadirio ni makubwa kuliko uwezo. Una siku 30 tangu upokee notisi ya kuandika pingamizi, ukieleza sababu na kuambatisha kurasa za daftari. Wakati pingamizi linasikilizwa unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, chochote kilicho kikubwa. Kama tatizo ni kwamba kazi imepungua katikati ya mwaka, omba kurekebisha makadirio ya awamu zilizobaki kabla tarehe hazijapita.

Mteja amekata zuio na hataki kutoa hati. Andika barua ya kudai, weka nakala, kisha ipeleke TRA pamoja na ankara na taarifa ya benki inayoonyesha kiasi pungufu kilichoingia.

Kishoka anasema ana mtu ndani. Ondoka. Atakayeulizwa kuhusu namba ya uongo kwenye fomu ni mwenye jina, na mara nyingi kishoka huweka barua pepe yake mwenyewe kwenye akaunti yako. Kama imeshakutokea, nenda na kitambulisho ukaombe mawasiliano yabadilishwe. Dada wa Mikanjuni tulifanya hivyo Jumatatu asubuhi. Kumbe maombi yalishaanzwa kwa laini ya simu asiyoijua.

Umeacha kazi ya pembeni. Mfumo haujui kwamba umeacha. Awamu zitaendelea kuhesabiwa na riba juu yake. Andika barua TRA ya kusitisha biashara, ikiwa na TIN, tarehe uliyoacha na sababu, rudisha leseni halmashauri, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.